Udi wa Bi Saada na Roketi ya Mbaraki

Wanangu niliowafunza sindano, juzi mliniudhi. Mlikuja kwangu hapa mtaani Kuze mmefurahi kwamba kuna kampuni mpya ya roketi inaandika mafundi wa sindano, na kwamba safari hii kazi ni kushona mahema ya watu watakaokwenda kuishi mwezini. Nami nikafurahi nanyi. Halafu mmoja wenu, simtaji lakini anajijua, akaniuliza huku akicheka: "Bi Rukia, ni kweli kuna bibi wa hapa Kuze alilipua roketi kwa udi?" Wengine mkacheka mpaka chai ikamwagika kwenye mkeka. Nikawaambia nendeni makwenu, nina kazi. Sikuwa na kazi yoyote, nilikuwa na hasira tu.

Mlipokuwa mnavaa viatu nikasikia mmoja akisema kwamba hadithi hiyo ndiyo wanayoanza nayo huko kwenye mafunzo. Mwalimu anasimama, anawaambia habari ya bibi wa udi, darasa linacheka, kisha masharti ya usafi yanaanza. Basi nimeona niwaandikie. Kwa mdomo nisingefika mwisho bila kulia, na nyinyi mngenionea haya.

Bibi huyo alikuwa na jina. Aliitwa Saada, mimi nilimwita Da Saada, yaani dada, na ukuta wa chumba chake ndio ukuta wa chumba changu. Yeye ndiye aliyenifunza kudarizi kofia, kabla hata sijaolewa. Ukimpelekea kofia haitazami nje, anaigeuza ndani kwanza. Akiona fundo moja la uzi limejitokeza, anakutupia mapajani na kusema, "Fumua." Hasemi zaidi ya hapo. Nimefumua kofia mpaka vidole vikatoka malengelenge, na nimemtukana moyoni sana tu, Mungu anisamehe. Lakini mkono nilionao ni wake.

Kampuni ya kwanza ya roketi, kabla ya hii yenu, ilipofungua karakana bandarini Mbaraki na kutafuta mafundi, walikwenda kwanza kwa washona maturubai, wanaume wenye nguvu. Hao wakavipasua vitambaa vyote walivyopewa. Ndipo mtu akawaambia kuna wanawake mjini wanaodarizi kofia vitobo vidogo kama punje ya mtama, na hawapasui. Tukaandikwa wachache, mimi na Da Saada na wasichana, akiwemo Kadzo.

Kadzo alikuwa Mgiriama, amezaliwa Majengo, mamake akiuza mbaazi na mahamri asubuhi. Mama Kadzo alimleta mwenyewe kwa Da Saada akiwa bado binti mdogo, akasema, "Bi Saada, nakupa huyu umfunze, asije akasimama kwenye moshi kama mimi." Kadzo alipenda kucheka na alikuwa na vidole vyembamba. Alinipita mimi kwa mkono, na mimi si mtu wa kusema hivyo kwa urahisi.

Sasa kazi yenyewe. Roketi mnaiona kwenye picha, chuma na moto. Lakini mzigo unaokwenda juu huvikwa blanketi. Si blanketi la kulalia. Ni karatasi za kung'aa, nyembamba kama ganda la kitunguu, zimepangwa tabaka juu ya tabaka, na katikati kuna wavu laini ili zisigusane. Huko juu upande wa jua unaungua na upande wa kivuli unaganda, wakati huohuo mmoja. Bila blanketi mzigo haufiki. Na blanketi hilo mashine hailiwezi kwenye kona na kwenye mikunjo, linataka mkono.

Shikeni haya, yatawafaa. Msivute uzi mkaukaza. Acheni ulegevu kidogo, maana likipata joto linanyooka na likipata baridi linajikunja, na mshono uliokazwa hupasua tabaka zote. Sindano ikiingia isirudi tundu lilelile. Na jasho ndilo adui. Ndani ya glavu, katika joto letu hili, jasho hujaa mpaka vidole vinaelea. Tulikuwa tukipokezana, mmoja anashona na mwingine anabadilisha glavu. Kiyoyozi kikikorofisha, kazi ya siku nzima inatupwa, maana unyevu wa bahari huingia katikati ya tabaka na hautoki. Chumvi nayo ilikula kila kitu pale Mbaraki. Bawaba za mlango tulikuwa tukizibadilisha kama mtu anavyobadilisha utambi wa kandili.

Tulikuwa na msimamizi mgeni, Bi Marta, mwanamke mrefu asiyejua kunong'ona. Huyo ndiye aliyetufunza upya kila kitu. Mshona kofia, kabla hajatunga uzi, huulamba kidogo, kisha huupitisha kwenye nta. Huko ni marufuku yote mawili, kwa sababu kitu chochote chenye mafuta au harufu, kikifika mahali pasipo na hewa, hutoka kama mvuke na kuganda juu ya vioo vya mitambo, na mitambo inakuwa kipofu. Siku za mwanzo Da Saada alikuwa kila mara anapeleka uzi mdomoni na kuugonga kwenye barakoa. Kadzo alicheka mpaka akatolewa nje.

Tukakatazwa na mengine. Wanja, mafuta ya nywele, poda, asmini. Na udi. Hata nguo za ndani tulizovaa chini ya maovaroli zisifukizwe. Hebu fikirini, mwanamke wa Kuze aende harusini hanukii! Marehemu mume wangu alisema nimekuwa nanuka kama hospitali. Nikamwambia avumilie, twapeleka watu mwezini. Akasema, "Wapeleke, lakini mimi nikuoe tena ukirudi."

Siasa ya kazi hii mtaijua mkishaingia. Jukwaa la kurushia lilikuwa meli pana ya chuma, lilikaa Mbaraki, na siku ya kazi lilivutwa kuelekea kwenye mstari wa ikweta, kwa sababu pale dunia huzunguka kwa kasi kuliko kwingine na roketi hupata msukumo wa bure. Ndiyo sababu walitufuata sisi, si kwa kupenda sura zetu. Basi kila mwenye cheo akataka lake. Mmoja anataka jina la mji liandikwe kwenye jukwaa, mwingine anataka ndugu zake waajiriwe ulinzi. Wavuvi wakafungiwa bahari kila tunapojaribu mitambo, wakaandamana, wakapigwa. Bendera yetu tuliishona kwenye blanketi, tukaambiwa ni kubwa, tukafumua. Tukashona nyingine, tukaambiwa inakaribia bendera ya wengine, tukafumua. Mwisho ilibaki ndogo kama kisanduku cha kiberiti, na viongozi wakapiga picha nayo kwa zamu.

Siku moja Bi Marta alituonyesha picha za nyumba zitakazojengwa huko mwezini, za duara, zimefukiwa mchanga. Kadzo akanyoosha mkono. "Bi Marta, na hizo nyumba, mwenye kiwanja ni nani?" Tukacheka sote, maana nyumba ya kina Kadzo Majengo, kama nyingi za pale, kuta ni zao na ardhi ni ya mtu mwingine anayekuja kudai kodi ya kiwanja. Bi Marta hakucheka. Alisema kuna mikataba, kisha akasema mikataba haisemi vizuri, kisha akazikunja picha. Jirani yetu, mwalimu wa chuo cha Kurani, naye alimuuliza Bi Marta mtu aliye mwezini ataelekea wapi akisali. Bi Marta akamjibu hajui, ila dunia yote ataiona juu ya kichwa chake. Mwalimu akafikiri, akasema hilo litatosha.

Sasa udi. Mnyamaze mnaposoma hapa.

Blanketi kubwa la mzigo wa kwanza lilipokamilika, ilibidi lisafirishwe kutoka karakana hadi kwenye jukwaa ndani ya mifuko ya kitambaa. Mifuko ile tuliipindia majumbani, kwa sababu ilikuwa ioshwe karakana kabla ya kutumika. Da Saada alipinda yake nyumbani. Na nyinyi wa hapa mnajua, nguo mpya haimfikii mwenyewe bila kufukizwa. Mtu akikupa kanzu mpya isiyonukia utadhani amekuchukia. Da Saada alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote. Alipomaliza upindo akaitandaza mifuko juu ya tenga la kufukizia, akatia udi kwenye chetezo chini yake, akafukiza. Mkono ulifanya wenyewe. Na huko karakana, kwa haraka iliyokuwepo, mifuko haikuoshwa, blanketi likatiwa vivyo hivyo.

Asubuhi Bi Marta alifungua mfuko akapiga ukelele. Chumba kizima kilinukia kama nyumba ya bi harusi. Da Saada alikaa chini palepale alipokuwa, akaweka mikono kichwani.

Nisikilizeni hapa. Blanketi lile halikwenda popote. Lilikatwa vipande mbele yetu sote, na Da Saada mwenyewe alishika mkasi. Tukashona jingine tangu mwanzo, wiki nyingi, tukipokezana kwa zamu, na Kadzo ndiye aliyeshona kona zote ngumu. Lilipimwa, likapitishwa, ndilo lililopanda jukwaani. Na Da Saada hakuligusa. Alijitenga mwenyewe, akawa anatufulia glavu.

Mimi nilichukua kipande kimoja cha lile la zamani. Vilikuwa vinapelekwa jaani. Nilikichukua kwa sababu kilikuwa na mshono wa Da Saada upande mmoja na wa Kadzo upande wa pili, wamekutana katikati, na huwezi kujua yupi ni yupi mpaka ukigeuze ndani. Nilikitia kwenye mfuko wa plastiki wa karakana, ule usiopitisha hewa.

Ucheleweshaji ule uliwakasirisha wakubwa. Uchaguzi ulikuwa karibu na wageni walikwishaalikwa. Tarehe haikusogezwa.

Mshono wa mwisho wa blanketi hushonwa jukwaani, mzigo ukishakaa juu ya roketi na nyaya zimeunganishwa. Mtu mmoja huingizwa kwenye tundu dogo, anafunga mlango wa blanketi, anatoka. Akapelekwa Kadzo. Desturi ni kwamba akimaliza, watu wote huondolewa jukwaani kwa boti, na jukwaa likishakuwa tupu ndipo mafuta yanaanza kutiwa. Bi Marta alitukaririsha hilo kama watoto wa chuo.

Siku ile bahari ilichafuka. Sisi tulikuwa karakana, na kulikuwa na redio ya upepo ya kuzungumza na Kadzo, ili akikwama kwenye mshono atuulize. Alimaliza vizuri. Alisema, "Bi Saada, nimefunga, na ndani hakuna fundo." Da Saada akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ile asubuhi. Tukamwambia ashuke boti ije imchukue. Sauti yake ikarudi. "Boti haiwezi kuegesha, mawimbi makubwa. Tuko wengi hapa twangoja. Na mafuta washaanza kutia."

Bi Marta alitoka mbio kwenda kwa wakubwa. Tulimsikia akipiga kelele koridoni kwa lugha yao. Alirudi midomo imekauka, akasema wamesema hawasimamishi, hakuna siku nyingine. Da Saada alishika redio. "Kadzo, mwanangu, nenda kakae mbali nayo. Kakae ukingoni kabisa." Kadzo akasema, "Bi Saada, hapa hakuna mbali."

Kwenye televisheni tuliona mwanga, halafu picha ikakatika. Redio ilibaki inavuma. Da Saada hakuiachia, na ilibidi nimfungue vidole kimoja kimoja.

Mimi sijui kilicholipua roketi. Sikusomea. Waliosomea huenda wanajua, labda bomba, labda cheche. Ninachojua ni kwamba kama boti ingengojwa, chuma kingelipuka peke yake na watu wangekuwa hai. Na najua kwamba udi haukuwepo jukwaani.

Kampuni na wakubwa wa huku walikaa pamoja. Wakasema chanzo ni uchafu ulioletwa na fundi mwenyeji aliyefukiza vifaa kinyume cha masharti. Ikasomwa kwenye habari. Kila mmoja ilimfaa. Kwa maneno yao, kampuni haikutia mafuta watu wakiwa juu, wakubwa hawakulazimisha tarehe, ni bibi mmoja na chetezo chake. Jina hawakulitaja, lakini Kuze kuna mabibi wangapi waliofanya kazi ile? Sote tulikuwa tumetia sahihi kwamba mambo ya karakana hayasemwi nje. Bi Marta alisema ukweli, na jioni hiyohiyo akapandishwa ndege.

Nilikwenda na kipande changu kwenye kamati ya uchunguzi waliyoiunda. Nilivaa vizuri, nikangoja, nikaitwa. Nikakiweka mezani. Nikasema, lililofukizwa ni hili, halikwenda. Bwana mmoja akakisogeza kwa kalamu, hakukigusa. Akasema, "Mama, hii ni mali ya kampuni. Umeipataje?" Nikasema tena. Akasema, "Hilo ulilosema sijalisikia. Ninalosikia ni wizi. Chukua kitambaa chako, nenda, na kisionekane tena."

Nilitaka kutoka nacho barabarani nikionyeshe mji mzima. Da Saada ndiye aliyenikataza. Alinishika mkono jikoni kwangu. "Rukia, watakufunga. Una wanao. Mimi nshakuwa mzee, niache na langu." Nikamwambia langu na lako ni moja. Akasema, "Basi kama ni moja, n'sikize." Nikamsikiza, na nimekasirika tangu siku hiyo mpaka leo.

Mama Kadzo alikuja kutoka Majengo. Hakuingia. Alisimama mlangoni kwa Da Saada, watu wametoka kutazama, akasema, "Nilikwambia asisimame kwenye moshi. Ukampa wako." Mwili wa Kadzo haukupatikana hata wa kuzika.

Tangu hapo nyumba ile haikunukia. Idi ikija, Kuze yote inafuka udi na ubani, kwake hakuna. Harusini hakwenda, na alipoacha kwenda hakuna aliyemfuata. Wapo waliokuwa wakipita mlangoni wakijiziba pua kwa buibui kwa mzaha. Sindano aliiacha. Nikimpelekea kofia za wanafunzi wangu aziangalie, alikuwa anazigeuza ndani, anazipapasa, ananirudishia hivyohivyo.

Amefariki mwaka huu, nyinyi mkiwa hamko mjini. Alikuwa ameniachia wosia kwa mdomo: sanda yake isifukizwe. Nilipowaambia wanawake waliokuja kumwosha, wakaanza kubishana, sanda ya Mwislamu kutofukizwa imekuwa wapi, na mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba labda ndivyo inavyomstahili. Nikaondoka. Nikaenda sandukuni kwangu, nikarudi na ule mfuko, nikaufungua katikati ya uani.

Wanangu, ulitoka udi kama umefukizwa jana. Nikawaambia, lililofukizwa ni hili. Liko hapa miaka yote, halikwenda popote, na mtu yeyote anayetaka kunipeleka polisi anipeleke. Kikapita mkono kwa mkono. Kila mmoja alikinusa, na kila aliyekinusa aliinamisha kichwa. Yule aliyesema inamstahili alikishika muda mrefu kuliko wote.

Mama Kadzo alikuwa amekaa karibu na mlango. Kwa nini alikuja, sikumuuliza. Kikamfikia. Hakukinusa kwanza. Alikigeuza ndani, akapitisha kidole kwenye mshono, akasimama mahali mikono miwili ilipokutana. "Huu ni wa mwanangu," akasema. "Na huu?" Nikamwambia ni wa Da Saada. Ndipo akakipeleka usoni, akakinusa huku analia.

Somo mtakalopewa huko mlisikilize, masharti ya usafi ni ya kweli na mimi mwenyewe ningewafunza. Ila mwalimu akianza na bibi wa udi, mwambieni jina lake ni Saada, na mwulizeni boti ilikuwa wapi. Wakiwafukuza, njooni, kofia zipo. Wakiwaacha, siku watakapowaambia mpande jukwaani, ulizeni tena.

Mama Kadzo alijifuta uso kwa leso, akauliza, "Makaa yako wapi?" Nikamwonyesha. Mwanamke aliyepika mahamri maisha yake yote alipiga magoti mbele ya chetezo na kuvuvia mpaka makaa yakawa mekundu, macho yanamtoka machozi kwa moshi au kwa jingine. Wosia wa Da Saada sikuutimiza. Nilitia udi wote niliokuwa nao nyumbani, na sanda yake ilipita kwenye vichochoro vya Kuze ikinukia, na hakuna mtu aliyejiziba pua.